Kwa Nini Ubao Wako wa Plastiki Unabonyea Katikati: Mwongozo Kamili wa Kugandamiza HDPE

Picha ninazotumiwa zinafanana. Ubao uliotengenezwa kwa vifuniko vya chupa, rangi zake zinapendeza, ila katikati umebonyea, pembe zimenyanyuka, na ukipitisha msumeno unakuta mapovu ndani. Swali nalo ni lile lile: "Ninunue jeki kubwa zaidi?"

Hapana. Wengi wenu mna jeki ya kutosha kabisa. Tatizo ni wakati wa kuitumia. Mnakaza plastiki ikiwa ya moto, mnaona imejaa fremu, mnalegeza na kuiacha ipoe yenyewe. Ubao unaharibika hapo hapo, baada ya kulegeza.

Mwongozo huu ni wa ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene milimita 10, wa HDPE: plastiki ya vifuniko vingi vya chupa za maji, madumu na chupa za shampuu. Ukiuweza huo, vipimo vingine utavikokotoa mwenyewe.

## Vifaa

- Chenga za HDPE, kilo 1 kwa kila jaribio. Saga au katakata hadi vipande vya milimita 5 mpaka 10. Vifuniko vizima havifai kwa kuanzia, vinaacha hewa nyingi mno.
- Kipande kidogo cha dumu jeupe lisilotiwa rangi, lile la maziwamaziwa. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5.
- Fremu ya chuma yenye kina cha milimita 40 hadi 50, na pleti mbili za chuma zenye unene usiopungua milimita 10.
- Oveni ya umeme isiyopikiwa chakula, na isiyorudi jikoni tena.
- Kipimajoto cha waya kinachosoma hadi nyuzi 250.
- Presi: fremu ya chaneli (vyuma vya umbo la U) iliyochomelewa vizuri, pamoja na jeki ya chupa ya tani 6 hadi 10.
- Springi nne fupi ngumu. Uliza kwa wauza vipuri vya magari.
- Karatasi ya kuokea au shiti ya tefloni, mafuta ya silikoni, mizani ya jikoni, kalipa, rula ndefu ya chuma.
- Glavu ndefu za ngozi, miwani ya fundi, na mahali pa wazi penye upepo.
- Spiriti kidogo na sabuni ya maji, kwa kuchambua.

## Jeki inaminya nini hasa?

Usiruke sehemu hii. Hatua zote zinazofuata zinatokana nayo.

HDPE ni minyororo mirefu ya atomu za kaboni, kila kaboni ikiwa na haidrojeni mbili. Mnyororo wenye uzito wa molekuli 100,000 una vipande vya ethilini, kila kimoja kikiwa na kaboni mbili, zaidi ya 3,500. Ukinyooshwa wote ungefika karibu mikromita 0.9. Lakini haunyooki. Plastiki ikiyeyuka, kila mnyororo umejikunja na kunaswa na wenzake katika makumi ya mahali, mfano wa kamba za katani zilizorundikwa ovyo ghalani.

Kutoka kaboni moja hadi ya pili kwenye mnyororo mmoja ni nanomita 0.154, na bondi hiyo ni ngumu sana. Kutoka mnyororo mmoja hadi jirani yake ni karibu nanomita 0.4 mpaka 0.5, na hapo hakuna bondi, ni mvutano dhaifu tu. Tena joto linaitikisa minyororo muda wote, kwa hiyo kati yao vinafunguka na kufungika vitundu vidogo. Wanakemia huviita nafasi huru.

Ukikaza jeki, bondi za kaboni hazifupiki kwa kiwango cha kuhesabika. Kinachopungua ni nafasi huru na yale mapengo kati ya mnyororo na mnyororo. Na kadiri mapengo yanavyobanwa, atomu zinasukumana kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kila mkazo unaoongeza unakupa faida ndogo kuliko uliotangulia.

Sasa tuweke hesabu. HDPE iliyoyeyuka kwa nyuzi 180 hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila megapaskali 1 ya shinikizo (kama mara kumi ya shinikizo la hewa). Ni laini mara mbili ya maji, lakini bado ni ngumu. Jeki ya tani 10 juu ya ubao wetu, yaani mita za mraba 0.09, inatoa karibu megapaskali 1.1. Kwa hiyo tabaka la plastiki lenye unene wa milimita 12 litabanwa kwa milimita 0.013 hivi. Kalipa yako haioni kitu hapo.

Wenye mashine kubwa za kudunga plastiki kwenye kalibu wanafika megapaskali 100, na hapo plastiki hupungua kama asilimia 7 hadi 8. Kwa ubao wetu hiyo ingetaka zaidi ya tani 900. Wazo la kuibana plastiki mpaka ishikamane liachwe kabisa. Kwa vifaa tulivyo navyo halipo.

Basi jeki ni ya nini? Ina kazi tatu: kufukuza hewa, kusukuma plastiki ifike kwenye pembe, na kuifuata plastiki inaposinyaa. Hii ya tatu ndiyo iliyosahauliwa katika karibu kila picha niliyotumiwa.

Itazame kwa karibu. HDPE kwa nyuzi 180 ina densiti ya karibu gramu 0.77 kwa sentimita ya ujazo. Ikiwa baridi ina 0.95. Gramu 855 za plastiki zinachukua sentimita za ujazo 1,110 zikiwa zimeyeyuka, na 900 tu zikiwa zimepoa. Ndani ya fremu yetu hiyo ni kushuka kutoka milimita 12.3 hadi 10. Zaidi ya milimita 2 zinatoweka bila jeki kufanya lolote.

Zinakwenda wapi? Plastiki ikishuka hadi nyuzi 120 hivi, minyororo inaanza kujikunja na kujipanga sambamba, ikitengeneza fuwele. Ndani ya fuwele ya polithini (HDPE ni aina yake) mpangilio unajirudia kila nanomita 0.742 upande mmoja na 0.495 upande wa pili, bila nafasi ya kupotea. Fuwele ina densiti ya karibu 1.00, sehemu zisizo na mpangilio zina 0.85 tu. HDPE hujipanga kwa zaidi ya nusu yake, ndiyo maana inasinyaa kiasi hicho.

Ngozi ya ubao huganda kwanza, kiini bado ni majimaji. Kiini nacho kikija kuganda kinasinyaa, na kitavuta kilicho karibu. Ikiwa ngozi bado ni laini, inavutwa ndani: umebonyea. Ikiwa ngozi imekwisha kuwa ngumu, kiini kinapasuka chenyewe: tundu ndani, lisilo na hewa wala mvuke. Dawa ya yote mawili ni pleti inayoshuka pamoja na plastiki mpaka mwisho.

## Hatua ya 1: Tengeneza fremu ambayo pleti ya juu inazama ndani

Hili ndilo kosa namba moja. Fundi anachomelea fremu yenye kina cha milimita 10 kamili, anaijaza, anafunika kwa pleti pana, anakaza. Pleti inakaa juu ya kingo za fremu. Kuanzia hapo nguvu yote ya jeki inabebwa na chuma, plastiki haisikii chochote, nayo ikisinyaa hakuna kinachoifuata. Hata uongeze tani 50, unaminya chuma.

Fremu iwe na kina cha milimita 40 hadi 50. Pleti ya juu iingie ndani yake mithili ya pistoni, ikiacha mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.5 kila upande. Mwanya mdogo zaidi utakwama, mkubwa zaidi utamwaga plastiki.

Kina hicho si anasa. Chenga zisizobanwa zimejaa hewa. Gramu 880 zitajaza fremu hadi karibu milimita 30 kabla ya kuyeyuka, na pleti inahitaji kuta za kuiongoza.

Jeki isisukume katikati ya pleti moja kwa moja. Pleti ya milimita 10 itapinda, na ubao utatoka mwembamba katikati. Weka vipande viwili au vitatu vya chaneli juu ya pleti ili mzigo usambae.

Utajua umefaulu: pleti ikiwa tupu inashuka hadi chini kwa uzito wake, haikwami popote, na ikifika chini bado kuna ukuta wa fremu juu yake.

## Hatua ya 2: Chambua plastiki

Tazama namba ndani ya pembetatu: 2 ni HDPE, 5 ni PP, aina nyingine ya plastiki. Vifuniko vya maji vingi ni HDPE, lakini vya soda na juisi mara nyingi ni PP, na kuna ambavyo havina namba kabisa.

Kwa nini ujisumbue? PP huyeyuka kwenye nyuzi 160 hadi 165, HDPE kwenye 125 hadi 135. Na hata zote zikiyeyuka, minyororo yake haichanganyiki. Kila moja inaganda kivyake, na ubao unakatikia kwenye mpaka kati yao, hasa kwenye skrubu.

Maji peke yake hayatenganishi hizi mbili, kwa sababu zote zinaelea. Changanya spiriti ya asilimia 95 na maji kwa ujazo sawa, tia tone la sabuni. Mchanganyiko huo una densiti ya karibu 0.93 hadi 0.94. HDPE itazama, PP itaelea. Gusagusa vipande kwa kijiti ili mapovu yaliyoganda juu yake yaondoke, la sivyo utadanganyika. Pima kipande kimoja kimoja cha kila aina ya kifuniko, si gunia zima. Spiriti si ya bure. Fanya hivyo mbali na moto.

Onyo: kinachozama haraka kwenye maji matupu kitupe nje ya rundo. Kinaweza kuwa PET (plastiki ya chupa zenyewe za maji na soda) au PVC. PVC ikipata nyuzi 180 kwa muda hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma mapafu na kula chuma cha fremu yako. Mabomba ya maji, yale ya kijivu na meupe, yasikaribie oveni hii kwa hali yoyote.

## Hatua ya 3: Osha, kisha kausha kuliko unavyodhani inatosha

Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke kwa nyuzi 180 inataka nafasi ya karibu lita 2. Ujazo wa ubao wako mzima ni chini ya lita moja. Kijiko cha maji kilichosahaulika kwenye chenga kinatosha kuharibu kila kitu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Maji yaliyofungiwa kwenye nyuzi 180 yana shinikizo la mvuke la megapaskali 1. Jeki yako ya tani 10 inatoa 1.1. Yaani unashindana na mvuke na mmelingana nguvu, na ukilegeza kidogo mvuke umeshinda. Kwa jeki ya tani 2, umeshindwa kabla ya kuanza.

Ondoa ile mipira laini ndani ya vifuniko, mara nyingi si HDPE. Osha kwa sabuni, suuza, anika juani siku nzima, kisha zipitishe oveni kwa nyuzi 80 kwa saa moja, zikiwa zimetandazwa. HDPE yenyewe hainywi maji; unachokausha ni uso wake na mikunjo ya vifuniko.

Utajua umefaulu: weka kiganja cha chenga kwenye mfuko wa plastiki angavu, funga, acha juani nusu saa. Ukungu ukijitokeza ndani ya mfuko, rudia.

## Hatua ya 4: Pima uzito

Ujazo wa ubao ni 30 × 30 × 1 = sentimita za ujazo 900. Zidisha kwa 0.95: gramu 855. Ongeza asilimia 3 ya itakayochuruzika pembeni, unapata takriban gramu 880.

Usikisie kwa macho. Ikipungua, pembe hazijai. Ikizidi, hakuna ubaya mkubwa, ubao utakuwa mnene kidogo.

## Hatua ya 5: Yeyusha, bila kukaza

Paka silikoni kuta za fremu, tandaza karatasi ya kuokea chini, mimina nusu ya chenga, weka kile kipande cha dumu jeupe katikati kabisa, mimina zilizobaki. Karatasi nyingine juu, kisha pleti. Toboa tundu dogo kwenye ukuta wa fremu, karibu na sakafu yake, upitishe waya wa kipimajoto hadi ndani ya chenga. Utauchomoa kabla ya kukaza.

Oveni iwe nyuzi 180 hadi 190. Plastiki hupitisha joto kwa shida, na chenga zenye hewa kati yake hupitisha kwa shida zaidi, kwa hiyo usishangae kuona kiini kimebaki nyuzi 90 wakati fremu imefika 180. Baada ya nusu saa weka uzito wa kilo 5 hadi 10 juu ya pleti, ishuke yenyewe kadiri chenga zinavyolainika. Kisha subiri kiini kifike 170. Kwa oveni ndogo yenye fremu nzito hiyo ni saa moja au zaidi.

Ukiwa na papara ya kupandisha oveni hadi 230, ngozi itaanza kuoza kabla kiini hakijayeyuka. Hewa yenye oksijeni hukatakata minyororo, na minyororo mifupi hainaswi vizuri na wenzake. Ubao unakuwa wa kukatika kama biskuti hata kama unang'aa. Moshi ni dalili kwamba umechelewa: zima, fungua milango, ondoka hapo.

Utajua umefaulu: inyanyue pleti kwa glavu, sukuma katikati kwa bisibisi. Kile kipande cheupe kimekuwa angavu kabisa. Weupe wa HDPE isiyo na rangi unatokana na fuwele zinazotawanya mwanga. Zikiyeyuka zote, mwanga unapita. Kikiwa bado na wingu jeupe katikati, fuwele zipo, rudisha ndani. Kipimo hiki nakiamini kuliko kipimajoto cha bei rahisi.

## Hatua ya 6: Kaza kwa awamu, iache ipumue

Hamisha fremu haraka hadi kwenye presi. Weka kipande cha mbao ngumu kati ya chuma cha moto na jeki. Jeki ya chupa ina mafuta na sili za mpira, na haitakiwi kupashwa moto wala kuingizwa kwenye oveni. Sili ikiachia, mafuta yatakurukia usoni.

Anza na tani 1 hadi 2. Subiri dakika mbili. Legeza. Kaza tena hadi 4, subiri, legeza. Ndipo uende 6 au zaidi na kubaki hapo.

Kulegeza huko kunaitwa kupumua, na sababu yake ni hii. Plastiki haibaniki, lakini hewa inabanika sana. Povu lililo kwenye shinikizo la kawaida ukiliweka chini ya megapaskali 1 ya nyongeza linabaki na sehemu moja ya kumi na moja ya ujazo wake. Unadhani limekwisha. Halijakwisha, limejificha, na ukilegeza plastiki ikiwa bado laini linarudi ukubwa wake. Kukaza na kulegeza mara mbili tatu mwanzoni kunaipa hewa nafasi ya kutambaa hadi kwenye mwanya wa pembeni na kutoka.

Usiruke moja kwa moja hadi tani 10. Minyororo iliyonasana inahitaji muda kuteleza, ndiyo maana HDPE iliyoyeyuka ni nzito kusogea. Ukiisukuma ghafla, kingo zinaziba kwanza na hewa inafungiwa katikati.

Utajua umefaulu: utepe mwembamba wa plastiki umechomoza kuzunguka pleti pande zote nne. Upande mmoja ukiwa mkavu, pleti imelala upande. Sawazisha sasa hivi, baadaye haiwezekani.

## Hatua ya 7: Baki na plastiki inapopoa

Tumefika pale mnapoharibu.

Pima kwa kalipa kutoka ukingo wa fremu hadi juu ya pleti, uandike. Kuanzia sasa hadi kiini kigande, pleti inatakiwa kushuka takriban milimita 2. Isiposhuka, kuna kinachoizuia, na ubao wako umeshaanza kubonyea humo ndani hata kama huuoni.

Jeki ya chupa haishuki yenyewe. Plastiki ikipungua nusu milimita, nguvu imekwisha, na kishikio hakitakuambia. Una njia mbili. Ya kwanza, pampu kidogo kila dakika tatu hadi tano, ukirudisha mkazo ule ule. Ya pili, nzuri zaidi: weka zile springi nne kati ya chaneli na jeki, ukazikaza mpaka zimebonyea milimita 10 au zaidi. Pleti ikishuka milimita 2, springi zinaifuata zikiwa bado na nguvu nyingi. Hata hivyo pampu mara moja moja.

Jiliwa la skrubu, yaani zile klempu za useremala, halifai hapa. Likipoteza nusu milimita linalegea kabisa.

Onyo: springi iliyobanwa ni hatari. Zifunge ndani ya vipande vya bomba la chuma, simama pembeni, na usiweke uso mbele yake. Watoto wasiwepo.

Pande zote mbili zipoe sawasawa. Upande unaopoa mwisho una muda mrefu wa kujipanga, unapata fuwele nyingi na kusinyaa zaidi, kisha unauvuta ubao. Ndio utakaokuwa ndani ya bakuli. Ukiona ubao umepinda, upande wa bondeni ndio ulioshika joto, kwa kawaida ule wa kwenye mbao. Kwa hiyo weka mbao juu na chini, zenye unene ule ule, au usiweke popote bali tumia chuma pande zote na uilinde jeki kwa chaneli ndefu. Feni ikipuliza, ipulize pande zote. Usimwage maji upande mmoja kwa haraka ya kumaliza.

## Hatua ya 8: Toa, lakini si bado

Fremu ikiwa nyuzi 60 nje, kiini bado kina joto zaidi. Subiri ifike chini ya 50, ongeza dakika 15, ndipo ulegeze jeki taratibu.

HDPE ikipoa inasinyaa na kujitenga na kuta. Ubao mzuri unadondoka kwa kugonga fremu kidogo tu kwa nyundo ya mbao. Ukilazimika kuuchokoa, bado ni wa moto. Rudisha kwenye presi.

Ulaze juu ya kitu kilichonyooka, weka uzito, uache hadi kesho. Fuwele zinaendelea kukua kidogo hata kwenye joto la kawaida, na ubao uliokatwa siku ile ile hubadilika vipimo.

## Hatua ya 9: Kagua kwa namba

Ubao kutoka fremu ya milimita 300 utatoka na 290 hadi 295. Si kosa, ni msinyao uliobaki baada ya plastiki kuganda, ambao pleti haiwezi kuufuata kwa upande. Mteja akitaka 300 kamili, fremu iwe kama 308.

Kata utepe wa pembeni, pima pande, unene na uzito. Tuseme umepata 293 × 293 × 10.4, yaani sentimita za ujazo 893, na uzito gramu 850. Gawanya: 0.95. Hakuna hewa. Vipimo hivyo hivyo vikitoa gramu 800, densiti ni 0.90 na karibu asilimia 6 ya ubao wako ni matundu, hata kama nje unang'aa. Rangi nyeupe nzito huongeza uzito kidogo, kwa hiyo linganisha mbao za chenga zile zile.

Laza rula ya chuma kutoka pembe hadi pembe. Mwanya wa chini ya milimita 1 ni kazi nzuri kwa presi ya nyumbani.

## Ukiona hivi, rudi hapa

Umebonyea katikati, uso unang'aa kingoni na umefifia pale palipobonyea. Palipofifia ndipo plastiki ilipoachana na pleti. Angalia kama pleti ilikalia fremu (hatua ya 1), au mkazo ulikwisha (hatua ya 7).

Mapovu ya mviringo, laini ndani. Ni gesi: maji au hewa. Hatua ya 3 na ya 6.

Tundu la ukingo wa kuchanikachanika, katikati ya unene. Hilo ni la msinyao. Ngozi iligandishwa haraka. Punguza feni, ongeza springi.

Mipaka ya chenga inaonekana na ubao unakatika kwayo. Chenga zimegusana bila minyororo yake kuvuka na kunasana upande wa pili. Shinikizo haliwezi kufanya kazi hiyo, joto na muda ndivyo vinavyofanya. Hatua ya 5.

## Unene mwingine, plastiki nyingine

Muda wa joto kuingia au kutoka unakua kwa mraba wa unene. Ubao wa milimita 20 hautaki muda maradufu, unataka karibu mara nne, kuyeyuka na kupoa. Wanaokurupuka kutengeneza meza nene wanakwama hapa. Bandika mbao mbili za milimita 10 kwa skrubu.

PP fanya yote haya kwa nyuzi 190 hadi 210. Nayo ina fuwele, ingawa inasinyaa kidogo kuliko HDPE. PS, plastiki ya vijiko na makasha ya CD, haina fuwele kabisa. Inasinyaa chini ya asilimia moja kwa urefu na haibonyei kirahisi, ila hukatika upesi na moshi wake ni mbaya zaidi, kwa hiyo mlango wazi peke yake hautoshi: unahitaji feni ya kunyonya.

Mbao zilizoharibika msizitupe. Zikate vipande vya vidole viwili, zisage, mchanganye sehemu moja kwa sehemu tatu za chenga mpya, na mrudie kuanzia hatua ya 3. Isipokuwa zile zilizotoa moshi. Hizo minyororo yake imeshakatika, na kukaza hakutaiunga.